Kamba Iliyojibu Mara Moja

Jumatano, tarehe 11 Februari. Mawingu tangu alfajiri, upepo hakuna, mvua imekataa.

Mpwa wangu Neema ameanza kazi ya uzamiaji katika ofisi ileile ya maji niliyostaafia hapa Dodoma. Amezama mara sita tu. Leo ameniuliza kama ana haki ya kumwambia mkuu wake kwamba anakosea, maana mkuu huyo anazama bila kukagua mtungi wake wa hewa. Mimi ni wa darasa la saba, naandika polepole, na haya sikuwahi kumwambia mtu.

Siku yangu ya kwanza tulipelekwa kwenye bwawa la njia ya Kondoa, kuondoa magugu kwenye chujio, yaani wavu wa chuma unaozuia takataka zisiingie bombani. Maji yale ni tope. Ukizama huoni mkono wako, kazi ni kupapasa. Ndiyo maana mzamiaji hufungwa kamba kiunoni, na mtu wa nchi kavu huishika. Ukivuta mara moja unamuuliza kama yu salama, naye akivuta mara moja amejibu ndiyo. Akivuta mara tatu, mtoe.

Siku hiyo mshika kamba aliugua. Fundi Mkuu, mkuu wangu aliyekuwa azame, akaifunga kamba kwenye bampa ya Land Rover. Nikamwambia tulifundishwa ishikwe na mtu.

"Umezama mara ngapi, bwana mdogo?"

"Nne, Fundi."

"Nne, tena kwenye maji ya kuona vidole vya miguu. Land Rover haisinzii wala haiendi kujisaidia."

Lakini alipozama niliishika ile kamba, ingawa ilikuwa imefungwa. Nikavuta mara moja. Ikajibu mara moja. Kila baada ya muda nikauliza, nayo ikajibu taratibu, kama mtu mwenye adabu. Nikajiona nimeshaijua kazi.

Ndipo nikasikia kikohozi nyuma yangu. Fundi Mkuu alikuwa anatoka kwenye matete, hana kamba, kisu mkononi.

"Nimevuta tatu, nikavuta tatu tena. Imenasa kwenye kisiki, nimeikata kitambo. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia mbona alikuwa ananijibu. Akaitazama kamba mkononi mwangu. Ikavutwa mara moja.

"Usijibu," akasema.

Tuliikata pale bampani, ikaingia majini yenyewe, polepole. Pengine ni mkondo wa bomba uliokuwa ukiivuta. Sitaki kulisingizia bwawa. Ila ilijibu nilipouliza tu, isipokuwa ile mara ya mwisho.

Mbele ya Mhandisi wa ofisi yetu, Fundi Mkuu alisema, "Huyu alinionya, sikumsikiliza." Nikasifiwa. Sikusema kwamba kamba ilikuwa mkononi mwangu na haikumsaidia kitu. Yeye alijua, akaniachia. Amekufa sijamshukuru.

Basi Neema nimemwambia aseme kesho, kabla mkuu wake hajavaa mtungi. Kuona kwamba mtungi haujakaguliwa hakuhitaji miaka. Ila aseme pia yale asiyoyajua, maana hapo ndipo mimi niliponyamaza. Amesema atasema. Sijui kama nimemjibu sawasawa.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda. Katikati ya chakula mlango ukagongwa mara moja. Neema akataka kuinuka; mke wangu akamshika mkono, akamwambia nyumba hii tunasubiri ugongwe mara ya pili. Tukasubiri, haukugongwa tena. Kisha tukamalizia mlenda.