Kisanduku cha Midundo Mbele ya Farasi wa Mianzi

Mimi Prihantoro kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la mke wangu la kufulia nguo, hapa mjini Bantul. Ila ukiniuliza barabarani, nitakwambia mimi ni msanii. Nina kisanduku cha midundo: safu ya vitufe, kila kitufe pigo lake, na taa inayokimbia juu yake, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Ukiwasha pigo hapa na kuzima pale, muziki unageuka watu wakisikia. Siandai kitu nyumbani. Wening, mke wangu, anasema huo ni uvivu wenye waya.

Siku ya sherehe ya mavuno, wapigaji muziki wa kikundi cha farasi wa mianzi, ngoma ya kucheza na farasi wa kusukwa hadi pepo wapande, waliamka na tumbo la kuendesha. Alibaki mama mmoja tu, Bu Ngatinem, na ngoma yake. Pak Sarjiyo, mzee mganga anayewatuliza wachezaji wakipandisha pepo, akanijia.

"Kaka, hicho kidude chako kinaweza kulia kama gongi?"

"Kinalia kama chochote," nikasema, kifua mbele.

Na kweli kililia kama gongi, ile sahani kubwa ya shaba inayofunga kila mzunguko wa muziki wetu. Wachezaji waliruka na farasi wao, vumbi likatimka, pepo wakapanda. Gendhon, muuza tofu mwenye tumbo kama mtungi, akawa anatafuna maua huku macho yamegeuka meupe. Nikajiona nimefika. Badala ya kuacha mambo yalivyo, nikaona niwaonyeshe ufundi: nikaiambia mashine ijichagulie mapigo yenyewe.

Bu Ngatinem akanitazama kama anayeona mtoto kachezea kiberiti.

"Wapunguzie mwendo sasa, pepo wawatoke," Pak Sarjiyo akanipazia sauti.

Nikazungusha kitasa cha mwendo. Nikakizungusha upande usio wake. Midundo ikamwagika kama mahindi yanayopasuka chunguni, na wachezaji wakaanza kukimbia.

"Punguza, wewe!"

"Napunguza, mzee!"

"Huko ndiko kupunguza?"

Kitasa kikang'oka, kikabaki mkononi. Kwa hofu nikavuta waya wa umeme. Uwanja ukawa kimya. Gendhon akageuka polepole, akaja akasimama mbele yangu, pua kwa pua, akinipumulia harufu ya yasmini.

"Anataka gongi ndipo pepo amtoke," Bu Ngatinem akaninong'oneza. Akaanza kupiga ngoma taratibu. "Mpe gongi!"

"Nitalitoa wapi?"

"Huna mdomo? Asubuhi yote umekuwa ukijisifu nao!"

Basi nikafumba macho nikatoa: "Ng'uuung." Watoto wakacheka. Bu Ngatinem akapiga tena, nikaitikia tena, "Ng'uuung," na safari hii wanawake waliokaa ukingoni wakaitikia nami. Mapigo yalizidi kupoa. Mmoja mmoja wachezaji wakalegea, Pak Sarjiyo akiwadaka na kuwapulizia masikioni. Gendhon alidondoka wa mwisho, juu ya meza yangu, na meza ikaenda naye.

Alipozinduka aliomba maji, akauliza, "Nani alikuwa analia kama nyati aliyekwama matopeni?"

Uwanja mzima ukaninyooshea vidole.

Nilipokuwa nikikusanya nyaya, Pak Sarjiyo akanishika bega. "Mwezi ujao tunacheza Imogiri. Uje."

Moyo ukaniruka. "Nitakuwa nimeshakitengeneza kitasa, mzee!"

"Hapana, kaka," akasema kwa upole. "Kisanduku kiache. Tunataka huyo nyati."

Nimekubali. Wening amenishonea shati jeusi la kikundi, na ananilazimisha kufanyia mazoezi uani, ili asipoteze wateja.