Mfarishi Uwanjani

Mdogo wangu Ondrej Babjak alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa kwa siku kumi na tisa, mwaka 1908, na mimi namshukuru Mungu kwa kila moja, hata ile ya mwisho.

Alikuwa mtu wa mgodini kama wanaume wote wa hapa Garnet Hill. Jumapili, misa ikiisha, alisimama nyuma ya kanisa na gongo lake, akapeleka mpira juu ya paa la duka la kampuni ya mgodi. Msaka vipaji akamwona, na mwezi wa saba timu ya ligi kubwa ikamwita. Mslovaki wa kwetu, mhamiaji ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji! Tulivimba vichwa mtaa mzima.

Wiki ya tatu ikaja barua. Mama hakujua kusoma, nikamsomea mimi. Ondrej alisema anakula vizuri, na kwamba Jumamosi meneja angemtazama kwa mara ya mwisho: akipiga vizuri anabaki, akishindwa anarudi mgodini. Halafu akaandika: “Msije. Na mkija, msinipe zawadi uwanjani. Wachezaji wanaamini anayepewa zawadi mbele ya watu siku hiyo hapigi kitu.”

Nikamtazama mama. Mapajani mwake alikuwa na mfarishi, blanketi nene lililojazwa manyoya ya bata bukini. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa jikoni kwetu majira yote ya baridi wakichambua manyoya yale. Ulikuwa wa harusi yangu, lakini mama alishaamua kuwa ni wa Ondrej, ampe uwanjani mbele ya watu, na mchumba mwenyewe sikuwa naye.

“Anasema nini tena?”

“Anawasalimu wote, mama.”

Jumamosi tukapanda treni, watu arobaini na mmoja na soseji zetu. Ondrej alipokuja kupiga mara ya kwanza, mchezo ukasimamishwa, mama akaingia uwanjani na kitambaa chake kichwani, mfarishi kifuani. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

“Mtandikieni kabisa, mtoto alale!” mrusha mpira wa wapinzani akapiga kelele.

Ondrej aliiva uso hadi masikioni kwa aibu, lakini alimbusu mama mkono na kuupokea mfarishi kwa mikono miwili. Kisha akapunga hewa mara tatu, akatolewa. Aliporudi kupiga, hivyo hivyo. Mara ya tatu nilifumba macho. Bi. Kostelnik, jirani yetu, ndiye aliyenigusa bega.

“Basi, Verona. Kwisha.”

Nilijiona nimemchimbia kaburi mtoto wa mama yangu.

Kwenye treni ya jioni Ondrej, timu imeshamwacha, alikaa katikati yetu. Bi. Kostelnik akamtupia kipande cha soseji.

“Kula wewe! Tumesafiri mbali hivi kuja kukuona unafukuza nzi!”

Behewa zima likacheka, naye akacheka. Hapo nikashindwa kujizuia.

“Ondrej, nisamehe. Barua yako niliisoma nusu. Pale pa zawadi nilipanyamazia, mama asijue.”

Alimaliza kutafuna kwanza. “Dada, mpira unaopinda hewani ulinishinda tangu siku ya kwanza. Meneja aliniambia leo asubuhi, kabla hamjafika: nicheze, kisha nifungashe virago. Ameshapata mwingine.”

“Kwa hiyo hata ungepiga?”

“Hata ningepiga.”

“Sasa mbona ulitukataza kuja?”

“Aibu. Nilihisi yanakuja. Nilitaka nirudi kimya kimya, mtu asinione.” Mama alikuwa amesinzia begani mwake, kwa hiyo Ondrej akashusha sauti. “Siku kumi na tisa nimekula meza moja na watu ambao hata jina langu hawakulijua. Leo nimefukuzwa kazi, nimetoka mlangoni na begi langu, nikakuta watu arobaini na mmoja wamesimama, kila mmoja anataka kunibebea.”

Akanishika mkono, akalia, na mimi nikalia naye mpaka Garnet Hill.