Jiwe Linalotazama Kasulu

Enzi zetu pale Kitahana, mtoto ambaye hajateleza kwenye jiwe la mkonge akachana kaptula alikuwa bado hajakua. Lilikuwa jiwe la saruji kando ya barabara, limeandikwa: WALIOKWENDA MKONGE WALIAGWA HAPA. KARIBUNI NYUMBANI. Wazee waliorudi kutoka mashamba ya Tanga ndio walilijenga, mahali palepale lori lilipokuwa likiwachukua vijana wa Kiha. Maandishi waliyaelekeza Kasulu, njia ya kurudia kutoka Tanga, ili anayerudi ayaone kwanza.

Sisi tulilitumia kama goli, kama meza ya kulia viazi vya kuchoma, na kama farasi. Bibi Sabina, jirani yetu, alikuwa akitufukuza na mwiko wenye ugali wa muhogo. "Shukeni! Mnamziba mume wangu asione!" Mumewe, Hezroni, aliondoka na lori mojawapo, hakurudi. Tulicheka, tukashuka, akitupa mgongo tukapanda tena.

Mwaka 2014 nilirudi kutoka kwenye kuzurura kwangu nikakuta barabara inapanuliwa. Vijana wa kijiji walikuwa wamelihamisha jiwe, kazi nzuri kabisa, ila wameligeuza litazame Nyakanazi, wanakotokea wageni wenye magari makubwa. Bibi Sabina, amejikunja kwa uzee, amesimama mbele yao na fimbo.

"Nani kawatuma mligeuze?"

"Bibi, huku ndiko litaonekana. Watu watapiga picha."

"Hezroni ni picha? Atatokea Kasulu, akute kisogo cha jiwe, atajuaje ni kwao? Si atapitiliza!"

"Bibi, miaka yote hii..."

"Wewe juzi ulitumwa chumvi ukarudi jioni. Nilikufungia mlango?"

Kicheko kikawamaliza nguvu. Walitema mate viganjani, wakachimbua jiwe, wakaligeuza. Bibi alilizunguka, akalipangusa vumbi kwa khanga, akaenda zake kupika.

Vijana wa siku hizi hupiga simu "nimefika" wakiwa bado Kasulu; watu husubiri wakachoka, wakishuka hakuna hata wa kuwapokea begi. Mimi sipigi. Nashukia jiweni, nasoma maandishi yote kama sijawahi kuyaona, kisha nasikia mlango wa jirani ukifunguliwa haraka.

"Mwakeye, Bibi," namwamkia.

Ananikazia macho, anatazama nyuma yangu barabarani, halafu anatabasamu.

"Kumbe ni wewe tu. Haya, karibu nyumbani."