Kamba ya Nguo Kwenye Mahame

Mkasa huu nilikuwa siusemi, na hata leo nnausimulia huku nnatazama chini, lakini nyinyi si wageni kwangu. Wazee wangu walikuwa waende kuniposea kwa kina Rukia wiki ile, moyo wangu haukutulia, basi nikafunga hema kwenye pikipiki nikatoka zangu Mpendae, nikaipita Jozani, nikashika njia ya maweni ya kusini, njia ambayo mwisho wake ilikuwa majani yaliyolala tu, nikatokea kwenye mahame (kijiji kilichohamwa zamani, kuta zimebaki za kufika magotini na milimau imeota vyumbani).

Mvua ilikuwa imenirowesha mpaka nguo za kwenye begi. Nikaona nguzo mbili fupi za mawe, nikasema hizi za baraza, nikafunga kamba, nikaanika kila kitu, chupi nazo (ndiyo, chupi), nikajifunga shuka nikalala.

Sijapata kulala vile. Ukungu uliingia hemani pamoja na harufu ya malimau, nikaota kijiji kimerudi, wanawake wanafagia, moshi unapanda polepole, na mimi nna nyumba yangu humo na kila anayepita ananijua. Basi ilipobishwa hodi nikaitika kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibuni, piteni ndani," nikatoka na shuka langu.

Asubuhi ilikuwa nyeupe. Mbele yangu umesimama ukoo mzima, wana majembe na misahafu, wamekuja kuwasomea wazee wao, na nyuma kabisa, na chupa ya chai mkononi, Rukia. (Kumbe asili yao ni huko, mimi sikuwahi kuuliza.) Mzee aliyebisha hodi, ambaye pua yake ilinambia papo hapo kuwa ndiye babake, alinitazama mimi, kisha akaitazama kamba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hapo ulipoanika nguo amelala bibi yangu."

Nikaikimbilia kamba, nikakanyaga pindo la shuka, shuka likabaki nyuma, na wanawake wote wakageukia msituni kwa pamoja. Shangazi yake Rukia, Bi Mize, akanirushia kanga bila kugeuka.

Nikaifunga ile kanga, nikapewa jembe, nikapalilia makaburi pamoja nao huku nguo zikikauka juu ya pikipiki. Mzee akawa ananionesha taratibu, hapa palikuwa jiko, pale alizaliwa fulani, na kadiri ukungu ulivyoondoka nami nikawa kama nakiona kijiji, hata haya zikanitoka kidogo.

Wakati wa kuagana (Rukia alishamnong'oneza babake mimi ni nani) nilimuuliza mzee kama wazee wangu bado waje kuposa. Akafikiri sana.

"Waje," akasema. "Wewe baki nyumbani."

Wazee wangu wakaenda, nikabaki nyumbani, na Rukia leo ni mke wangu. Lakini nimeapa, nikienda porini sifungui hema kabla sijamtafuta mtu nikamuuliza hapa ni kwa nani, na nguo zikirowa ntazivaa hivyo hivyo.