Viwavi Katika Maua ya Binti Yangu

Mwaka ule tulikula ugali kwa osuga, kesho ugali kwa akeyo, kesho kutwa osuga tena, mpaka tukasahau kwamba mboga ni kitu cha kusindikiza samaki. Gugumaji lilikuwa limeziba ziwa pale Homa Bay, na omena waliofika soko la Rongo walikuwa wachache mno, anayeuza anawashika kama dhahabu. Kila mtu alilia samaki. Mimi nililia viwavi.

Nilikuwa na maua ya jeraniamu nje ya uzio wa boma letu, upande wa shamba. Mekundu, na jani lake ukilifikicha linakuachia harufu kali mkononi mpaka jioni. Chini yake amelala binti yangu. Kwetu msichana aliyekufa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma, anatolewa nje ya uzio. Aliniachia mtoto wa kunyonya na kopo la maua aliyoyaleta kutoka Homa Bay, alikokuwa akifulia watu nguo. Mtoto nikamfunga mgongoni. Maua nikayakata vipande, nikavichomeka juu ya kaburi, vikashika. Saruji sikuwa nayo. Maua ndiyo yaliyosema kwamba hapa kuna mtu.

Miaka mitatu yalichanua bila shida. Kisha shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akapanda tumbaku mpaka hatua mbili kutoka kaburini. Msimu huohuo wadudu wakaja. Kwanza vidukari, wamejibandika kwenye vikonyo kama ukoko wa ugali. Baadaye viwavi, na kiwavi ndiye mwizi hasa. Unaona tumba la ua limenona, unangoja lifunguke, halifunguki. Ukilichungulia lina tundu, na majani ya chini yamejaa mavi meusi kama punje za wimbi. Ndani amekaa yeye, ameshiba. Akila ua jekundu, naye anageuka mwekundu. Ameiba nguo na akaivaa.

Shemeji akaja na panga mkononi, akasimama palepale.

"Shemeji, maua yako yanafuga wadudu. Wakitoka hapa wanaingia kwenye tumbaku yangu. Yang'oe."

"Maua yalikuwa hapa kabla ya tumbaku."

"Maua hayaliwi."

"Na tumbaku unaila? Wewe upike leo, nije nionje."

Akatema mate kando. "Msichana mwenyewe hakuolewa. Unamfanyia bustani ya nini? Usipong'oa, mwisho wa mwezi nitapitisha ng'ombe na jembe."

Nilijua jembe likipita mara moja, msimu ujao hakuna atakayeonyesha kaburi lilipokuwa, hata mimi mwenyewe nitakuwa nakisia. Nikamwambia, "Wadudu nitatoa mimi. Maua sing'oi."

Sasa ngoja niseme ujinga wangu, nisijisifu tu. Mama yangu alikuwa akiosha kuku wenye chawa kwa maji ya tumbaku. Mimi ni mtu wa Sabato, tumbaku siigusi, lakini niliokota majani yaliyoanguka shambani kwa shemeji, nikamwomba Mungu aangalie kando kidogo, nikayaloweka kwenye sufuria kuukuu. Asubuhi nikanyunyizia maua yote. Vidukari wakafa wakakauka. Nikatembea kisimani kifua mbele, nikiwaambia wanawake dawa ninayo.

Siku ya tatu viwavi walikuwa wamenenepa. Nikaketi chini nikajicheka. Kiwavi aliyekulia kwenye tumbaku, nawe unamnyunyizia tumbaku? Hiyo ni kumfukuza mlevi kwa kumpa chang'aa.

Nikaacha dawa, nikatumia vidole. Alfajiri na tena jua likishuka, wakati kiwavi anapotoka kutembea. Kila tumba lenye tundu nililing'oa, sikulitupa chini, maana kiwavi akitupwa anapanda tena. Nililitia kwenye kopo la maji ya sabuni. Mayai yake ni meupe, madogo kuliko chumvi, nikayafuta kwa kidole kwenye matumba machanga. Inzi weupe wanaojificha chini ya majani nikawaosha kwa sabuni ya kufulia. Halafu nikachokora udongo kwa kijiti, kwa sababu kiwavi akishiba anashuka kujizika, anakuwa kama kokwa ya kahawia. Nilichokora polepole, juu juu tu, kwa ajili ya aliye chini. Kuku walinifuata wakila kila nilichofukua.

Mjukuu wangu, yule wa mgongoni, leo anasoma chuo pale Rongo, mambo ya kilimo. Anasema nilifanya vilevile kitabu kinavyofundisha. Nikamwambia kitabu kimechelewa.

Mwisho wa mwezi shemeji akaja na ng'ombe wawili wameshafungwa nira, na bwana wa tumbaku, yule anayezunguka na pikipiki kukagua mashamba. Alimleta awe shahidi.

"Dani," bwana yule akaniambia kwa adabu, kama anayemwita bibi yake, "naomba niangalie maua."

"Angalia. Fungua hata nyoyo zao."

Akapasua tumba la kwanza, la pili, la tano. Safi. Akageuza majani. Safi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akavuka zile hatua mbili, akainua jani la mstari wa kwanza wa tumbaku. Viwavi watatu, kijani, wamenyooka kama wenye nyumba.

"Mzee," akamwambia shemeji, "wako hapa kwako. Huko kwa dani wanakwenda kutembea tu."

Ng'ombe mmoja akaanza kunyoosha shingo kuelekea majani yangu, nikampiga pua kwa kopo.

"Hata kama," shemeji akasema. "Ng'ombe wanahitaji mahali pa kugeukia. Ng'oa, shemeji, tusichoshane."

Kumbe sababu yake ilikuwa hiyo tangu mwanzo, nafasi, si wadudu. Nikaingia katikati, mbele ya nira, maua mgongoni kwangu, kopo la sabuni mkononi. Wanageuka wapi, hiyo ni shida ya jembe lake. Sikutafuta maneno mapya, yale ya kwanza hayakuwa yamechakaa.

"Wadudu nitatoa mimi. Maua sing'oi."