Jua Tulilolikimbilia Jinja

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijatoka kichwani mwangu, na nataka kuiandika sasa hivi ukiwa bado umelala, maana ukiamka kalamu hii utaila.

Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi hata thelathini sijafika. Nilimwomba jaja, bibi yangu mzaa baba, yeye aseme mimi niandike. Alikataa. "Andika wewe," akaniambia. "Mwenye kukosa ni wewe. Mimi nilikuwa nimesimama tu." Basi naandika. Kiswahili changu ni hiki cha Kampala, usitafute cha vitabuni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nauza makava ya simu kwenye duka la mtu pale Nakasero. Kila kitu nilikitaka jana. Chai nilikuwa nainywa nimesimama. Baba yangu, ndiye babu yako Rajabu, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, tukamzika Arua kwa watu wake. Nililia siku tatu, halafu nikasema basi. Mtu akimtaja baba, mimi natoka nje.

Jaja hakuwa hivyo. Jaja ni mke wa polisi, maisha yake yote ni kambi hii na kambi ile, amezika wengi, na marehemu wake anawazungumza kama watu waliotoka kununua sukari. Na baada ya mazishi ya baba alikuwa na neno moja tu mdomoni: Jinja.

Baba alizaliwa Jinja, lakini si hospitali. Siku uchungu ulipomshika jaja, mumewe, babu yangu, alikuwa zamu, kwa hiyo jaja alitoka kambini peke yake kwa miguu. Hakufika. Kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya Wahindi, miguu ikakataa. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa, wote walikuwa wakimwita Ba, akamvuta ndani ya ua wake, na baba akazaliwa hapo sakafuni. Ba alichana kitambaa kipya kutoka dukani akamfungia mtoto. Kondo la uzazi akalichimbia humo humo uani, kwenye kona. Na kwetu, mwanangu, mahali kondo lako lilipozikwa ndipo kwenu. Kaburi ni mahali pa kulala tu. Miaka michache baadaye Wahindi walifukuzwa nchini, Ba akaondoka na watu wake, babu akahamishwa kituo, na jaja hakupaona tena.

"Rajabu mwisho yake nimeona," alikuwa anasema. "Sasa nataka kuona mwanzo yake. Mara moja tu, halafu macho iende."

Macho yake kweli yalikuwa yanaenda. Presha ya macho. Daktari alimpangia upasuaji Jumatatu asubuhi, akasema wazi kwamba unaweza kuokoa kidogo kilichobaki, na unaweza usiokoe. Ikabaki Jumapili moja.

Mimi ndiye niliyepanga safari, na nilijiona mtu mzima sana. Kwenye simu nilikuta tangazo la matembezi ya mji wa zamani wa Jinja, kwa miguu, na mtu wa kuwaongoza. Kulikuwa na ya asubuhi na ya jioni. Ya jioni ilianza saa kumi na moja, inamalizikia kando ya Nile jua likizama. Waliweka na picha: maji yamekuwa kama chungwa, msichana amesimama mbele na nywele zake zinapepea.

"Twende ya asubuhi," jaja akasema. "Macho yangu inafunga duka mapema kuliko Wahindi."

"Jaja, asubuhi jua ni kali, utachoka."

Huo ulikuwa uongo. Nilitaka ile picha. Nilitaka niwe yule msichana. Utasema, mama, si ulijua haraka haina baraka? Nilijua, mwanangu. Darasani niliiandikia insha nikapata alama nzuri. Methali unaweza kuijua miaka kumi na bado haijakuuma.

Tulifika Jinja saa kumi na nusu. Wa kutuongoza aliitwa Isabirye, Msoga wa huko huko Jinja, mrefu, mwenye kofia ya majani. Tulikuwa wanne tu: mimi, jaja, na mume na mke, walimu kutoka Kisumu. Kwa ajili yao Isabirye alizungumza Kiswahili, na jaja akafurahi kama aliyerudishwa kambini, maana kwenye kambi za polisi lugha ilikuwa Kiswahili.

Barabara kuu ya Jinja ina maduka ya zamani pande zote, na juu ya kila paa pameandikwa jina la aliyelijenga na mwaka wake, kwa herufi za simenti. Isabirye alikuwa anasimama chini ya kila jina. Mbele ya duka moja akasema, "Baraza hizi zilijengwa pana hivi ili mnunuzi asilowe na mvua."

"Na fundi ya cherehani?" jaja akadakia. "Hapo alikuwa anakaa fundi. Alinishonea gauni, ikabana, nikikaa siwezi kula, nikila siwezi kukaa!"

Mwalimu wa kike alicheka mpaka akajishika mbavu. Isabirye akavua kofia yake akamwekea jaja kichwani. "Kale, haya basi, jaja, endelea wewe. Mimi nitafuata nyuma na walimu."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa naangalia saa. Jaja anaenda hatua kumi, anasimama. Anagusa nguzo. Anauliza hii ilikuwa ya rangi gani. Wakati huo jua linashuka, na mto bado uko mbali. Nikamshika mkono, nikawa namvuta kidogo. Kidogo tu. Hivi ninavyokuvuta wewe ukigoma kuvaa viatu.

Ndipo tukafika mdomo wa uchochoro. Jaja akasimama wima.

"Ni hapa," akasema. "Ni ndani hapa. Nikiona kona tu, nitajua."

Isabirye akachungulia. "Kuna nyua mbili huko, mageti yako wazi. Watu wake nawajua, watatukaribisha. Tuingie?"

"Tuingie," mwalimu wa kiume akasema. "Sisi hatuna haraka."

Kulikuwa bado na mwanga, mwanangu. Mwanga wa njano mzuri, ukutani unaona hadi nyufa. Nakuandikia hili ili ujue hakuna aliyenilazimisha, wala mvua, wala gari, wala mtu mbaya. Ni mimi nilisema, "Tukiingia sasa tutakosa jua. Tuende mtoni kwanza, hapa tutapita tukirudi."

Jaja alinigeukia. "Salima. Mto mimi najua. Mto haihami."

"Jaja, jua halingoji mtu. Dakika ishirini tu, tunarudi. Naahidi."

Isabirye alimwangalia jaja, akaniangalia, akaona mimi ndiye mjukuu, na mjukuu ndiye aliyepanga. Tukaenda.

Sikudanganyi, mto ulikuwa mzuri. Maji yalikuwa kama kwenye tangazo, tena zaidi. Isabirye alieleza kwamba zamani hapo palikuwa na maporomoko, bwawa lilipojengwa yakazama, na mpaka leo mawe yake yako chini ya maji. Nilimsikia sikio moja. Nilimpa mwalimu simu anipige picha, nikasema rudia, nikasema nyingine, nikafungua nywele. Jaja alikaa kwenye jiwe amevaa kofia ya Isabirye. Uso aliuelekeza mjini.

Dakika ishirini zikawa hamsini. Huku kwetu unajua jua likizama haliagi, linadondoka. Tulipoanza kupanda kurudi, mimi niliona barabara vizuri tu. Lakini nilihisi mkono wa jaja umebadilika. Kule kwenda, ulikuwa mkono wa mtu anayevutwa. Sasa ulikuwa umenishika kwa nguvu, kucha zinaingia.

"Jaja, vipi?"

"Twende tu," akasema.

Kwenye uchochoro Isabirye alibisha, tukakaribishwa ua wa kwanza. Kulikuwa na balbu moja juu ya mlango. Jaja akasimama katikati, akageuza kichwa huku na huku, pole pole, kama mtu anayesikiliza mbu.

"Washa taa," akasema.

Mwanangu, taa ilikuwa imewaka. Na tochi ya simu yangu, na ya mwalimu, na ya Isabirye. Tulimulika mpaka mwenye nyumba akatoka na ya kwake. Jaja aliona mwanga. Ua hakuuona.

"Basi niambie wewe," akasema. "Bomba ya maji iko mkono gani?"

"Kushoto, jaja."

"Ngazi ni ngapi?"

"Tatu."

"Ilikuwa mbili... Na kona, iko na jiwe kubwa?"

"Kuna simenti tu. Wamepiga simenti kote."

Tukaenda ua wa pili. Bomba kushoto. Ngazi tatu. Simenti kote. Nyua zile zilijengwa na fundi mmoja, zinafanana kama mapacha. Jaja akapapasa ukuta, plasta mpya. Akainama, akapapasa sakafu kwenye kona, akarudi kupapasa ukuta. Mimi ningemwambia nini? Nisingeweza kumchagulia. Mtu mmoja tu duniani angeweza kusema ni huu au ni ule, na nilimchelewesha mpaka akashindwa.

Nilianza kulia. "Jaja, nisamehe. Tutarudi. Daktari akimaliza, tutarudi asubuhi na mapema."

Hapo ndipo aliponiambia maneno ninayotaka uyasikie. Hakupaza sauti.

"Hiyo tutarudi uache. Wewe jua ulikimbilia, na kesho inatoka tena. Macho yangu kesho inatoka?"

Mwalimu wa kike akageuka ukutani akafuta uso.

Jaja akaomba tumsimamishe uchochoroni, katikati ya mageti mawili. "Ni moja ya hizi," akasema. "Mungu anajua ni gani, mimi naomba hapa katikati." Akafungua viganja, akamwombea mwanawe Rajabu, akamwombea na Ba popote alipo. Walimu walikuwa Wakristo, Isabirye sijui, lakini wote waliitikia amina. Ndiyo mara ya kwanza nilimlilia baba yangu tangu zile siku tatu. Nililia nimeelekea kona yake labda, au labda kona ya jirani.

Upasuaji haukuokoa. Kabla ya mwaka kuisha, jaja alikuwa gizani kabisa. Zile picha za mtoni nilizifuta zote, halafu nikajutia hata hilo, kwa sababu moja ilikuwa na jaja nyuma, amekaa na kofia. Unaona nilivyo? Hata majuto yangu yana haraka.

Wewe umezaliwa hajawahi kukuona. Anakuogesha kwa mikono yake, anajua alama zako zote, na kila siku ananiuliza, "Leo amefanana na nani?" Zamani ningejibu upesi niende zangu. Sasa naweka chini ninachofanya, nakuangalia paji, masikio, jinsi unavyokunja mdomo, ndipo nasema. Kila anachokiona sasa anakiona kwa mdomo wangu, siwezi kumpa kitu cha mbio.

Basi nasaha yangu ni hii, na uniwie radhi nikikufundisha nililoshindwa. Ukienda safari na mtu mzima, yeye ndiye achague saa. Usimwambie unamhurumia uchovu kumbe unajitafutia lako. Akisema "ni hapa", simama. Usimpe ahadi ya kurudi, kwa sababu wewe na yeye hamna siku sawa, hata kama mmeshikana mikono. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi naongeza: mwenye haraka anaweza asijikwae kabisa, akafika salama, akapiga picha, na aliyejikwaa akawa ni yule aliyekuwa akivutwa mkono. Na ukiwa na msiba, usiukimbie. Mimi nilidhani nakimbilia mto. Kumbe nilikuwa naukwepa ule ua, nisione mahali baba alipoanza, kwa sababu nisingeweza kuona mwanzo bila kukubali mwisho. Hilo jaja alilijua kabla yangu, ndiyo maana hakunipigia kelele.

Nasikia umeanza kugeuka kitandani. Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, na akupe moyo unaoweza kuizuia. Akukutanishe na watu wa kukufungulia mlango pale miguu yako itakapokataa. Na siku macho yako yatakapochoka, akupe mtu wa kukushika mkono ambaye hatazami saa. Amina.