Kumpokea Kaka Mzigo

Mhudumu alisema filamu niliyomuulizia ilipigwa kwenye baraza hii hii ya hoteli, zamani, akanionyesha bahari kwa kidevu. Mimi nilisikia harufu ya zulia la mlangoni. Lilinuka katani, kama magunia.

Filamu hiyo tulionyeshwa mchana, ndani ya ghala la pamba la kijiji chetu cha ujamaa, nje ya Bariadi. Milango ilifungwa, shuka ikatundikwa ukutani. Kaka yangu alikuwa ameenda pwani kutafuta kazi, na hatukuwa tumepata habari zake tena. Ghafla akatokea kwenye shuka, amevaa kofia nyeupe, anatujia na masanduku ya wageni.

Mama akasimama.

"Ng'wana wane kaelemewa, na nyie mmekaa tu?"

Akapita katikati ya watu, mikono mbele, aende kumpokea mwanawe mzigo. Mwanga ukamwangukia mgongoni. Kaka akapita juu ya kitenge chake, akatoweka.

Hakuna aliyecheka. Jioni mama alisonga ugali, tukala.

"Niachie tu, mama, ndiyo kazi yangu," mhudumu aliniambia pale barazani.

Nilitazama chini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika sanduku alilonibebea.